Mabula Wote Hawa Si Ndugu

Uchaguzi wa mwaka 2015 uliipa Mwanza mjini wabunge wawili wapya, mmoja wa Nyamagana na mwingine wa Ilemela. Wa Nyamagana alikuwa Stanslaus Mabula. Wa Ilemela alikuwa Angeline Mabula. Majimbo yanapakana, chama kimoja, jina la mwisho lile lile, na mwaka 2020 wote wawili wakarudi bungeni. Mtu wa Moshi aliyekuwa akisikiliza taarifa ya habari alikuwa na haki ya kuuliza kama hawa wametoka tumbo moja. Msukuma hakujisumbua kuuliza. Kwake jina hilo halisemi lolote kuhusu undugu. Linasema tu kwamba zamani, katika nyumba fulani, mtoto wa kiume alizaliwa wakati wa mvua.

Mvua kwa Kisukuma ni mbula. Wa kiume akaitwa Mabula, wa kike akaitwa Kabula. Na kwa kuwa mvua hainyeshei nyumba moja, kila mwaka, kutoka Kwimba hadi Shinyanga na Geita, walizaliwa akina Mabula wasiojuana na wasio na babu mmoja. Leo jina hilo limekaa mwishoni mwa majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, mahali ambapo watu wengi wa mjini wanapaita jina la ukoo. Sura hii inafuata safari hiyo, ya jina la msimu kugeuka jina la familia, na mahali pazuri pa kuifuatilia ni Katoro.

Katoro iko kando ya barabara itokayo Geita kwenda Bwanga na Chato. Imeshikana na Buseresere, ambayo iko wilaya ya Chato, kiasi kwamba mgeni anavuka wilaya bila kujua. Ni mji wa biashara uliokuzwa na dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na machimbo mengine ya jirani. Fedha inayotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe huko ndiyo inayonunua mabati, pikipiki na vitenge hapa. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 ukiwa na watu 1,739,530 kwa sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,977,608. Mwaka 2025 Katoro ikapewa jimbo lake la uchaguzi. Watu hawa wote wamekuja na majina, na kila kabila lina desturi yake ya kuyapanga.

Ukitaka kujua akina Mabula ni wangapi nchini, sensa haitakusaidia. Hapa kwetu sensa haichapishi majina ya watu, na swali la kabila liliondolewa baada ya sensa ya 1967, kwa sababu zinazoeleweka. Ila mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matokeo ya shule ya kata katika Kanda ya Ziwa anajua hali ilivyo: Mabula, Masanja, Shija, Mayunga, Kulwa, Doto, Magembe, halafu Mabula tena. Majina haya ni mengi kwa sababu Wasukuma ni wengi. Ni mengi pia kwa sababu chemchemi yake haikuwahi kuwa moja.

Tazama yanakotoka. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata mapacha ni Shija. Wanyamwezi wanayo majina hayo hayo, na yalishafika pwani zamani. Mwaka 1960 Muhammad Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa kitabu kiitwacho Kurwa na Doto, na hakuna msomaji wa Kiswahili aliyehitaji kuelezwa maana yake. Limi ni jua. Nzala ni njaa. Maige ni nzige, na mwenye jina hilo ana babu aliyezaliwa mwaka ambao mazao yaliliwa. Makoye ni matatizo, Mihayo ni maneno, na wakati mwingine ni maneno ya majirani, ambayo mama mzazi ameamua kuyajibu kwa kumpa mtoto jina. Magembe ni majembe. Ng'wandu ni mbuyu. Waziri wa zamani wa elimu ya juu, Pius Ng'wandu, alilibeba hilo. Shimba ni simba, Mbiti ni fisi.

Kwa hiyo jina lilikuwa habari. Lilitangaza nini kilitokea siku ile, na mwenye nalo alikuwa nalo peke yake. Ndugu watatu wa baba mmoja wangeweza kuitwa Mabula, Shija na Makoye bila neno lolote la kuwaunganisha. Kuwaunganisha kulihitaji neno jingine, ng'wana, yaani mtoto wa. Shija ng'wana Masanja ni Shija mtoto wa Masanja. Mwanawe Shija angekuwa ng'wana Shija, na Masanja angetoweka kwenye jina. Mnyororo ulikuwa wa vizazi viwili tu, ukisogea mbele kila kizazi. Mwanamke aliyeolewa aliendelea kuitwa ng'wana Fulani kwa jina la baba yake hata akazeeka kwa mumewe.

Ukoo wenyewe ulikuwepo, tena wenye nguvu. Watu walikuwa Wabinza, Wasiya, Wakwimba, na waliojua walijua nani anatawala wapi. Ila ukoo huo haukuandikwa mwishoni mwa jina la mtu. Uliulizwa kwa mdomo, hasa penye posa au mirathi. Hata upande wa ukoo ambao mtoto angeuangukia ulitegemea ng'ombe: Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeandika sheria na mila za Wasukuma katika kitabu cha mwaka 1953, alieleza kwamba mtoto wa ndoa isiyolipiwa mahari alihesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto huyo angeweza kukua akiitwa kwa jina la babu mzaa mama, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi jina la tatu lilitoka wapi?

Lilitoka mezani kwa karani. Mapadri wa White Fathers walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na mahali padri anapobatiza, daftari hufunguliwa. Mbatizwa aliandikwa Petro, Paskali, Deogratias au Revocatus, halafu jina la nyumbani likafuata ili Petro huyu asichanganywe na Petro yule. Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaweka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mlipa kodi alihitaji tiketi yenye jina linalotambulika mwaka ujao, maana kukutwa bila tiketi kulikuwa na gharama. Pamba ikaleta daftari jingine. Vyama vya wakulima vilivyounganishwa chini ya Paul Bomani katika Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, mwaka 1955, vilipima pamba ya maelfu ya watu na kumwandikia kila mmoja stakabadhi. Mbele ya mizani huwezi kuwa Mabula tu, maana nyuma yako kuna Mabula wengine kwenye foleni wakisubiri fedha.

Uhamaji ndio uliokamilisha kazi, na hapa Geita ina historia yake. Katoro na vijiji vinavyoizunguka ni nchi ya Uzinza. Wasukuma wengi waliopo leo ni watoto na wajukuu wa waliohamia. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulihimiza watu watoke maeneo yaliyojaa watu na mifugo waende Geita, ambako mapori ya mbung'o yalikuwa yakifyekwa. Wageni hao ndio walioifanya Geita kuwa wilaya ya pamba, na mwaka 1958 walikuwa miongoni mwa walioandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto wa rangi ambalo Waingereza walilazimisha. Kule Kwimba, Mabula mmoja alijulikana na kijiji kizima, pamoja na baba yake, ng'ombe wake na madeni yake. Huku Geita hakuna aliyemjua. Ilibidi aseme Mabula wa nani, na wa nani tena. Jina refu ni alama ya mtu aliye mbali na kwao.

Hili halikutokea Usukuma peke yake. Waitaliano, ambao leo wana majina mengi ya familia kuliko mataifa mengi ya Ulaya, walilipitia karne nyingi kabla yetu. Kwao pia daftari la kanisa lilikuwa na mkono mkubwa: Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waweke kumbukumbu za ubatizo na ndoa, na jina lililokuwa likielea likakamatwa na wino. De Luca ni wa Luka, Di Pietro ni wa Petro, sawa kabisa na ng'wana Petro. Rossi, jina ambalo ndilo maarufu kupita yote Italia, lilianza kama jina la utani la watu wenye nywele au ndevu nyekundu. Basso alikuwa mfupi. Esposito, jina la Napoli, walipewa watoto waliotelekezwa. Akina Rossi wote hawana babu mmoja, kama vile akina Mabula wasivyo naye. Kila mji ulikuwa na mwenye ndevu nyekundu wake. Wingi wa jina unapima mara ngapi lilizaliwa upya, na mtafiti anayehesabu watu wenye jina moja akidhani anahesabu familia moja amepotea tangu mwanzo.

Ferrari ni mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu Katoro inao wenzake. Watanzania wanalijua kama gari. Kabla ya Enzo Ferrari kuzaliwa Modena mwaka 1898, jina hilo lilikuwa na maelfu ya wenyewe, na asili yake ni wahunzi. Uzinza pia ilikuwa na wahunzi wakubwa, Warongo, waliojulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma. Italia mhunzi aliwaachia watoto wake jina la familia. Hapa wahunzi walitambuliwa kama kundi zima la watu, Warongo, wakawa karibu na kabila. Kwa nini kazi ile ile ilizaa jina la familia kule na jina la jamii hapa? Nadhani ni kwa sababu huku ufundi ulishikwa na kundi lililotembea na kuoana lenyewe kwa lenyewe, na kwa sababu hakukuwa na karani aliyewauliza mmoja mmoja. Karani alipofika, majembe ya kiwandani yalikuwa yanafika naye.

Jina la mahali mtu alikotoka nalo lipo kwao na kwetu. Lombardi ni mtu wa Lombardia, ila Lombardia kwenyewe kumwita mtu hivyo hakumtofautishi na yeyote. Jina la namna hiyo hushika vizuri ugenini. Geita Vijijini ilimchagua mwaka 2015 mbunge Joseph Kasheku, ambaye nchi nzima inamjua zaidi kama Musukuma. Sokoni Katoro wapo akina Mzinza, Mhaya na Mganda, na wengi wao walipewa majina hayo na majirani.

Machimboni hali imerudi kama Italia ya kale. Kwenye duara hakuna anayemwita mwenzake kwa majina matatu. Kuna Mabula Mfupi, Mabula Kiuno, Mabula wa Nyarugusu. Kuna anayeitwa kwa jina la timu yake na kuna anayeitwa kwa kosa alilofanya siku ya kwanza. Miaka 400 iliyopita padri wa kijiji cha Toscana angeandika utani huo kwenye daftari na leo ungekuwa jina la familia yenye heshima. Hapa utani unafia mlangoni mwa ofisi. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), iliyoanzishwa mwaka 2008, inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na mtendaji wa kijiji anajua kuyajaza kwa namna moja: lako, la baba, la babu. Kabla ya hapo mtu angeweza kuishi na majina mawili maisha yake yote. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulisogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, ulifika hata kwa wachimbaji waliokwepa kila daftari jingine. Bila namba ya NIDA hakuna laini, na bila laini hutumiwi fedha.

Ndiyo maana nasema jina la ukoo la Msukuma wa Katoro ni jina la mtu aliyekuwa babu siku karani alipouliza. Kama familia iliandikwa mapema, kwa mapadri au kwenye pamba, jina ni Mabula au Maige. Kama iliandikwa majuzi, babu mwenyewe alikwisha kubatizwa, na jina la ukoo ni Paulo, Charles, Lucas, Emmanuel. Binamu wawili wa damu moja wanaweza kuwa Mabula na Lucas kwa sababu baba zao waliandikishwa shule mwaka tofauti na mwalimu tofauti. Tahajia ikaongeza yake. Sauti ya ng' ilimshinda karani mgeni, na baadaye alama yake ikaachwa na mashine, kwa hiyo baba ni Ng'wandu na mtoto ni Mwandu. Mganga na mchezaji ngoma maarufu kuliko wote Usukuma, Igulu Bugomola, anajulikana kama Ng'wanamalundi kwa wanaotamka Kisukuma na Mwanamalundi kwa wengine wote. Umaarufu wake haujapungua kwa hilo. Mrithi wa shamba ambaye cheti chake kinapishana na cha baba yake kwa herufi mbili hana umaarufu wa kumsaidia. Anakwenda kula kiapo.

Kuna njia moja ya majina kusambaa ambayo wazee hawaipendi kuitaja. Kwa miaka mingi mtoto aliyefeli darasa la saba alirudia kwa kutumia jina la mwenzake aliyeacha shule. Mwalimu alijua, mzazi alijua. Mtoto akafaulu, akaenda sekondari, akaajiriwa, akazaa, na watoto wakarithi jina la mtu ambaye labda bado alikuwa analima kijijini kwa jina hilo hilo. Aprili 2017 Rais John Magufuli, aliyezaliwa Chato, mbele kidogo ya Katoro kwenye barabara ile ile, alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Habari iliyopita haraka magazetini ni nyingine: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076. Kila cheti kilikuwa na wastani wa watu wawili nyuma yake, na jina moja. Serikali iliona udanganyifu, na kwa sheria ulikuwa udanganyifu. Mtu anayefuatilia asili ya majina anaona pia koo mpya zilizozaliwa kwenye chumba cha mtihani.

Ukiwa Katoro ukakutana na wenye maduka wawili wanaoitwa Mushi, hali ni tofauti. Mushi, Massawe, Lyimo, Kimaro na Temu ni majina ya koo kweli. Wachaga waliyapeleka majina ya koo zao kwenye daftari yalipoanza kuandikwa, na wawili hao wakikaa chini na chai watajua wametoka kijiji gani na kama wanaweza kuoana. Mhaya naye ana ukoo wake na mwiko wake, ingawa majina kama Rweyemamu humpa mtoto ujumbe zaidi kuliko kumtaja ukoo. Matokeo yake ni kwamba fomu moja, yenye kisanduku kimoja cha jina la mwisho, inapokea vitu vitatu tofauti na kuvichukulia kuwa kimoja. Afisa aliyesomea Dar es Salaam anayeona watoto wa baba mmoja wenye majina ya mwisho tofauti anashuku ujanja. Mara nyingi hakuna ujanja wowote.

Sioni haja ya kulazimisha Wasukuma wachague jina moja la ukoo kama majirani wengine. Hata Italia, yenye daftari la miaka zaidi ya 400, bado inabadilika: mwanamke aliyeolewa anabaki na jina la kwao, na mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kwamba kumpa mtoto jina la baba pekee bila kuuliza ni kinyume cha katiba. Tatizo letu liko kwingine. Majina mapya ya mwisho, akina Paulo na Emmanuel, hayabebi mvua, wala nzige, wala pacha. Kizazi kijacho kitakuwa na jina la tatu ambalo watu wa Bukoba, wa Mbeya na wa Kigoma wanalo pia, na wazee waliojua kama babu alikuwa Mbinza au Msiya watakuwa wamezikwa.

Kwa hiyo, wewe uliyezaliwa Katoro, au Buseresere, au Kahama, na jina lako la mwisho ni la kubatizwa: muulize bibi yako babu yako aliitwaje kabla ya maji ya ubatizo, baba yake aliitwa nani, walitoka nchi gani kabla ya kuhamia huko, na ukoo wao ni upi. Andika majibu nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto wako, kwa kalamu isiyofutika, na ng' yake usiiache.